Chanjo ya homa ya uti wa mgongo kabla ya umra: sindano safi, karatasi majanga

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka aondoke nazo: nesi nyota 5, mapokezi nyota 1, karatasi nyota 2, feni ya chumba cha kusubiria hata nusu hapati. Kituo sikitaji jina, kipo hapa Dar, ni wale wanaochoma chanjo za wasafiri, na niliyempeleka ni mama yangu, miaka 67, sukari anayo, alikuwa anaenda umra Makka na wamama wenzake wa msikitini, na Wasaudi wanadai chanjo hii kwanza.

Tulifika saa moja na nusu asubuhi maana kwenye simu waliniambia wahini, tukapewa namba 4, nikajisemea leo fresh tutatoka mapema. Saa tatu ikapita hamna kitu. Nikaenda dirishani kuuliza, dada wa mapokezi macho yako kwenye simu yake akanijibu "tunasubiri wafike watu kumi ndo tufungue kichupa." Haya, nikarudi kukaa, feni inazunguka kama inalazimishwa. Saa nne kasoro nesi akatoka mwenyewe akauliza kuna wa umra hapa? Tukainuka watu watatu, akashangaa, "jamani mbona mmekaa huku, yenu haisubiri mtu!" Kumbe mambo ya kusubiriana ni ya homa ya manjano, kile kichupa ni cha watu kumi na kikishachanganywa ndani ya masaa 6 kama hakijaisha kinamwagwa, kwa hiyo naelewa hawataki kupoteza dawa, ila hii ya mama ni kichupa cha mtu mmoja. Masaa mawili na ushee tumekaa pale kwa ajili ya foleni isiyotuhusu.

Sasa huyo nesi. Asee huyu dada apandishwe cheo. Alimwamkia mama, akamuuliza kama ana homa siku hizo, kama aliwahi kudhurika na chanjo yoyote, dawa gani anatumia, mwisho wa kuchoma hii ilikuwa lini. Mama akatoa kwenye pochi kadi yake ya njano ya zamani, ile aliyoendea hija, akasema kwa kujiamini kabisa, "mimi nilishachoma mwanangu, nimekuja huyu kanikokota tu." Nesi akaifungua, akacheka, "Hajjat, hii ilishaisha siku nyingi." Akatueleza kwamba zipo za aina mbili, ile ya zamani wanaihesabia miaka 3 na hii mpya wanaihesabia miaka 5, na zote zinatakiwa ziwe na herufi nne, A, C, W na Y, ndo makundi ya bakteria wenyewe. Akatuonyesha kichupa, unga mweupe umeganda chini kama chumvi iliyoloa, akaingiza maji yake, akatikisa taratibu mpaka ukapotea wote, akamsomesha mama tarehe ya kuisha muda, halafu ndo akachoma. Mama anaogopa sindano kuliko nyoka lakini alikuja kugutuka pamba ishawekwa.

Hapo nesi akamwambia mama swali lolote uliza, na mama akauliza lile ambalo mimi nilikuwa naliogopa. Tuna ndugu yetu, mtoto wa mama mdogo, aliugua akiwa na miaka minne, asubuhi alikuwa anacheza, jioni homa kali, anatapika, shingo imekakamaa hawezi kuinamisha kichwa, na mama ndiye aliyelala naye hospitali. Alipona ila masikio hayakurudi, mpaka leo tunaongea naye kwa mikono. Mama akauliza, "hii ingemsaidia yule mtoto?" Nesi angeweza kusema ndiyo yakaisha. Akasema, "inategemea, mama," wadudu wanaoleta homa hii ni wengi, hii sindano inazuia makundi manne ya mdudu mmoja, kundi B halimo, na wadudu wengine kabisa kama wa nimonia au wa TB nao wanaweza kupanda mpaka kwenye utando wa ubongo. Ndo maana watoto wa siku hizi kliniki wanachomwa ile ya tano kwa moja na ile ya nimonia, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, zile nazo zinazuia baadhi ya wadudu wa homa hiihii. Mama akanyamaza kidogo. Baadaye kwenye bajaji akaniambia kumbe zile sindano za wajukuu nilikuwa nazionea bure.

Kwa wanaoona huu ni usumbufu tu wa Wasaudi, hapana, wana sababu. Mwaka 1987 mlipuko uliwapiga mahujaji, kundi A, na waliporudi makwao wakarudi nao. Wasaudi wakaweka sharti la chanjo. Mwaka 2000 na 2001 ukaja mwingine, safari hii kundi W, ambalo chanjo iliyotumika sana wakati ule haikulijua, ndo kuanzia 2002 wakataka herufi zote nne. Na juzi tu hapa 2024 wagonjwa 12 wa Marekani, Ufaransa na Uingereza walihusishwa na safari za Saudia, wengi ni waliotoka umra, na 9 kati yao hawakuwa wamechanjwa. Mdudu anakaa kooni kwa mtu mzima kabisa asiyeumwa, anatoka na mate na kikohozi, sasa fikiria ule msongamano wa watu. Na ukiupata ni wa kukimbizana nao, mtu anaweza kufa ndani ya siku moja, na wanaopona mmoja kati ya watano anabaki na ulemavu. Hapo ndo najiuliza yule kijana aliyenifuata nje ya geti, "braza kadi ipo, muhuri upo, mzee hana haja ya kuchomwa," anamuuzia nani. Maana wateja anao, nilimwona anaandika.

Karatasi sasa. Kadi ilirudi mapokezi kwa yule dada wa simu. Peni haiandiki, akaazima kwa mlinzi, akaandika neno moja "meningitis" na tarehe, akapiga muhuri. Aina ya chanjo hakuna, namba ya kichupa hakuna. Nikamwambia dada, nesi kasema aina lazima iandikwe vizuri la sivyo tunahesabiwa miaka 3, akanijibu hiyo inatosha kaka, wote wanaenda nayo. Nikagoma kuondoka. Ilibidi nesi aitwe, akaja kabandika ile stika ya kichupa na kuandika mwenyewe. Dakika arobaini nyingine hizo.

Na wakala wa safari naye alituambia eti hata siku moja kabla ya ndege unachoma tu. Si kweli, inatakiwa siku 10 kabla ya kufika, mwili unahitaji muda wa kujijenga. Sisi tulikuwa na siku 14, kwa bahati tu.

Baada ya hapo mkono ulimuuma siku mbili, usiku wa kwanza joto kidogo, panadol, kwisha. Jirani yetu aliposikia homa ya uti akasema na yeye anaitaka kwa sababu yutiai (UTI, ile ya njia ya mkojo) inamsumbua kila mwezi, na mwingine akauliza kama inatibu mgongo. Jina hili la ugonjwa wetu lina kazi.

Bei siandiki maana inabadilika, piga simu, na uliza kabisa kama dozi zipo, karibu na hija huwa zinakata. Dada yangu naye anaenda Ramadhani, nampeleka palepale kwa nesi yuleyule, tutapita moja kwa moja mpaka mlangoni kwake, na peni safari hii nabeba yangu.