Taarifa za matoleo mapya ya modi: nani anamwonea huruma mchezaji wa bando?

Kwa mchezaji wa Mtwara au Lindi anayenunua MB kwa kifurushi, taarifa nzuri ni ile inayosema toleo jipya la modi (faili la kuongeza au kubadili kitu kwenye gemu) lipo, halafu inatulia. Ikianza kushusha yenyewe, bando linakwisha gemu halijafunguka. Tumezipima njia nne kwa kigezo hicho.

Ya kwanza kwa ubora ni SMAPI, programu inayopakia modi za gemu la Stardew Valley. Ukiwasha gemu, linatokea dirisha jeusi la maandishi. Muda mfupi baadaye linaorodhesha modi zilizopitwa na wakati, namba ya toleo jipya na anwani ya kulipata. Faili lako haligusi hata moja. Kazi yote iko kwenye manifest.json, faili la maelezo la kila modi: mtengenezaji anaandika mstari wa UpdateKeys wenye jina la tovuti na namba ya modi, na SMAPI inauliza kupitia seva yake gemu linapowaka. Modi isiyo na mstari huo inaweza kuchakaa bila wewe kuambiwa.

Kero inayojirudia ni hii: umeshusha toleo jipya, lakini kesho yake unaambiwa tena ushushe. Mara nyingi mtengenezaji amepandisha faili jipya akasahau kubadili Version ndani yake. Usipoteze MB. Fungua manifest.json kwa Notepad, ulinganishe namba na ile ya ukurasa wa modi. Kama faili ulilonalo ndilo la mwisho, achana na ujumbe. Tunaikata pointi kwa kutotaja ukubwa wa faili, na kwa sababu dirisha lile hujificha nyuma ya gemu, asiyelizoea asilione kabisa. 8 kwa 10.

Steam Workshop, sehemu ya modi ndani ya duka la gemu la Steam, inasifiwa kwa urahisi, na mwenye faiba nyumbani ana haki ya kuisifu. Ukishajiunga na modi, kila toleo jipya linashuka bila kuulizwa. Sasa chukua kibanda cha gemu pale Chikongola, Mtwara, kompyuta kadhaa kwa hotspoti ya simu moja: Steam ikianza kushusha kwenye mashine moja, anayecheza mtandaoni kwenye nyingine anaganda. Ingia Settings, kisha Downloads, uweke kikomo cha kasi na ratiba ya kusasisha iangukie kwenye bando la usiku. Angalia saa zake: saa sita usiku yetu ni 12 AM ya Steam. Ukibonyeza Play kabla ya muda huo, usishangae ikitaka kusasisha kwanza.

MB zinaweza kununuliwa tena; sevu (gemu ulilohifadhi) iliyoharibika ndiyo msiba. Kwenye Workshop toleo jipya linafunika la zamani, na mchezaji hana kitufe cha kurudi nyuma. Kwenye gemu la Project Zomboid, modi ikibadilika wakati seva inaendelea, wanaojiunga wanakataliwa kwa sababu matoleo hayafanani, mpaka seva izimwe na kuwashwa upya. Anayecheza peke yake ana kinga: nakili folda ya modi kutoka steamapps/workshop/content/108600, uiweke kwenye Zomboid/mods, kisha ujiondoe kwenye modi hiyo Workshop. Nakala yako haitaguswa. 5 kwa 10, na hapo tumekuwa wapole.

Forge, kipakia modi cha Minecraft, inaweka alama ndogo kwenye kitufe cha Mods, basi. Ukiingia kwenye orodha unaona ipi imepitwa. Inasoma faili dogo la JSON ambalo anwani yake iko kwenye mods.toml, faili la maelezo la modi; anwani ikifa, ukaguzi unashindwa kimyakimya na wewe unadhani uko sawa. Wanaoandika kikagua chao wenyewe walinganishe namba sehemu kwa sehemu, si kama maneno, la sivyo 1.10 itaonekana ndogo kuliko 1.9. 7 kwa 10.

Mwisho ni modi za mabasi za Euro Truck Simulator 2 zinazopitishwa kwa WhatsApp na flashi. Hapo taarifa hakuna. Gemu likisasishwa, kidhibiti cha modi kinaweza kukuonya kuwa faili haliendani, mradi mtengenezaji amejaza compatible_versions (matoleo ya gemu yanayofaa) kwenye manifest.sii; asipojaza, unagundua gemu likijifunga katikati ya safari. Fungua game.log.txt utafute mistari ya ERROR, inataja faili lenye shida. 3 kwa 10, na lawama ni ya wanaosambaza faili liitwalo "basi mpya final2". Ukipewa kama hilo, jaribu kulifungua kwa 7-Zip kabla ya kuliweka kwenye folda ya mod: faili nyingi za .scs, aina ya modi za gemu hili, ni zip ya kawaida, na package_version (namba ya toleo la modi) imeandikwa humo ndani. Lililofungwa kwa HashFS, mfumo wa kufungasha faili wa gemu lenyewe, halitafunguka hivyo. Muulize aliyekutumia ni toleo gani, na kama hajui, usilipakie.