Saa ya mchanga na kadi za ratiba: miezi mitatu ya matumizi nyumbani

Seti hii niliinunua kwa shilingi 22,000 katika duka la vifaa vya shule huku Ngamiani, Tanga, kwa ajili ya mwanangu wa miaka 4, ambaye kila alipotakiwa kuacha jambo moja na kuanza jingine, hasa kutoka kwenye mchezo kwenda kuoga na kujiandaa kwa chuo (madrasa) cha jioni, alijitupa chini akalia hadi majirani wakauliza kulikoni. Ndani ya boksi mna ubao mdogo, kadi 12 za picha za kubandika na kubandua, na saa ya mchanga ya dakika 5.

Saa ndiyo iliyorudisha fedha yangu. Mtoto wa umri huo hajui dakika 5 ni kitu gani. Ukimwambia "bado kidogo" anasikia neno tu, na ukirudi kumwambia muda umekwisha anaona umemdhulumu. Mchanga anauona ukipungua. Siku ya tano hivi nilikuwa jikoni nikikuna nazi, nikamwita kwa mazoea, naye akanijibu bila hasira, "Mama, mchanga bado haujaisha," akaendelea kupanga visoda vyake. Ulipoisha alikuja mwenyewe na kisoda kimoja mkononi, nikamwacha aingie nacho bafuni, na tangu siku hiyo nimeona kwamba kubeba kitu kidogo cha mchezo humpunguzia uchungu wa kuuacha. (Wiki iliyofuata aligundua kuwa saa ikipinduliwa muda huanza upya, kwa hiyo sasa inakaa juu ya kabati, anapoiona lakini haifikii.)

Kadi hazikunifurahisha. Ratiba za picha zimetumiwa sana na TEACCH, programu iliyoanzishwa mwaka 1972 huko North Carolina, Marekani, kwa ajili ya watu wenye usonji, na faida yake ni kwamba mtoto asiyejua kusoma huona kinachofuata kabla hakijamfikia. Lakini ni lazima akitambue anachokiona. Kadi ya shule ina basi kubwa la njano, ilhali mwanangu hupelekwa kwa baiskeli ya baba yake, na kadi ya chuo haimo kabisa, ingawa hiyo ndiyo safari aliyokuwa akiililia zaidi. Nilichora mwenyewe kofia na juzuu kwenye kipande cha boksi; hiyo ndiyo anayoikimbilia kuibandika. Isitoshe, kwa unyevu wetu wa pwani, kufikia mwezi wa pili kadi 5 zilikuwa hazishiki tena, na muuzaji alikataa kunibadilishia.

Duka hilo huuza pia saa peke yake kwa shilingi 6,000. Ningeanza na hiyo, kadi nikazichora pamoja na mtoto. Asubuhi tunapochelewa shule, hata hivyo, haitusaidii chochote, kwa kuwa hizo dakika 5 hatunazo.