Nyanya za kopo za San Marzano DOP kwenye braciole, hela yake inalipa?

Inalipa, ila kwa mchuzi wa kukaa jikoni muda mrefu tu. San Marzano ni aina ya nyanya ya huko karibu na Napoli, na DOP ni alama ya Ulaya ya kulinda jina la chakula cha eneo fulani. Mi nazitumia kwa braciole, zile roli za nyama za kusini mwa Italia, yaani unachukua steki ya ng'ombe nyembamba unaigonga mpaka ilale, juu unatupia kitunguu saumu, paseli, chizi ya pecorino ya kukwaruza, zabibu kavu na pinoli (mbegu za msonobari, hizo nazo bei yake usiulize), unaviringisha unafunga na uzi au unachomeka vijiti vya meno, unakaanga mpaka ziwe kahawia pande zote ndo unamwagia divai, ikikauka unaweka nyanya. Hiyo ni staili ya Napoli, Bari kwa asili wanatumia nyama ya farasi.

Sasa kopo lenyewe. Nyanya ziko nzima, zimemenywa, ndefundefu, mbegu chache, ukiminya kwa mkono inapondeka yote hubakiwi na kigumu cha kutupa. Ladha ni tamu, haina ule ukali wa kukunja uso, sukari sigusi kabisa. Halafu moto mdogo, mdogo kweli, mchuzi uwe unatoa povu mojamoja tu masaa mawili mpaka matatu manake nyama ya hivi ukiiharakisha inakuwa soli ya kiatu, na ni kwenye hayo masaa unajua ulilipia nini, nyanya zinayeyuka zenyewe, mchuzi unakuwa mzito bila kuongeza pesti, mafuta yanapanda juu mekundu na ule utamu wa nyama na chizi umeshaingia humo. Yale makopo ya nyanya zilizokatwa vipande vidogovidogo achana nayo kwa hii kazi, mengi yanatiwa kalsiamu kloridi ili vipande visivunjike, utapika masaa matatu na bado vinakuangalia tu.

Kinachoniudhi ni lebo. Jina San Marzano linaandikwa kubwa kwenye makopo kibao ambayo hayana hata DOP, na picha ya mlima Vesuvio juu, mtu analipa bei ya juu kwa nyanya za kawaida. Ya kweli imeandikwa kirefu Pomodoro San Marzano dell'Agro Sarnese-Nocerino, ina ule muhuri wa Ulaya wa rangi nyekundu na njano, jina linalindwa tangu 1996. Na inauzwa nzima au filetti, yaani vipande virefu, kwa hiyo ukikuta iliyosagwa inajiita San Marzano DOP anza kushuku hapohapo.

Kwa sosi ya haraka ya dakika 20 nunua pelati (nyanya nzima zilizomenywa) za kawaida za Italia, tofauti hutaiona na hela itabaki, tena hiyo hela bora uiweke kwenye pecorino nzuri, maana chizi mbovu ndani ya roli hakuna nyanya itakayoiokoa.

Kopo la gramu 800 linatosha roli sita hivi, na mchuzi unakuwa mwingi wa kuchanganyia tambi, wenyewe wanaanza na tambi na huo mchuzi halafu nyama inakuja peke yake baadaye kama sahani ya pili. Uzi toa kabla hujapakua.