Fundi wa picha na fremu Mji wa Kale, na Man o' War wangu

Kama una picha ya zamani unayoipenda na unaogopa kumpa mtu yeyote, wapelekee hawa jamaa wa Mji wa Kale, kiduka chenyewe kiko vichochoroni nyuma ya Ndia Kuu ukitokea Fort Jesus, kuna kijana wa kompyuta na mzee wa mbao, basi.

Mie niliwapelekea picha ya farasi. Si farasi wa hivi hivi, ni Man o' War, yule farasi wa mbio maarufu wa Marekani, yuko kwenye mbio zake za mwisho Kenilworth Park kule Kanada tarehe 12 Oktoba 1920, picha nyeusi na nyeupe imejaa mikwaruzo, nikataka isafishwe, itiwe rangi, ipigwe saizi ya A2 halafu ifremiwe. Duka jingine mjini waliniambia tu acha pesa njoo jioni. Hapa kijana kabla hajagusa kitu akaniuliza, kwani huyu farasi alikuwa rangi gani hasa? Wallahi hilo swali peke yake lilinitosha, manake wengi watakupakia kahawia yoyote wakusukumie. Man o' War alikuwa mwekundu, wekundu wa shaba iliyosuguliwa, ndio maana watu wakamwita Big Red, na usoni ana nyota nyeupe na kamstari kembamba kanakoshuka. Nguo za mpanda farasi wake ni nyeusi na dhahabu, rangi za mwenyewe Samuel Riddle, aliyemnunua mnadani Saratoga, Marekani, mwaka 1918 kwa dola 5,000 tu! August Belmont aliyemzalisha alikuwa jeshini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akaamua kuwauza farasi wake wadogo wote. Kijana alirudia ule wekundu mpaka ukakaa, na hakununa.

Tukabishana kidogo kwenye kukata. Yeye alitaka Sir Barton aliyeko nyuma aondolewe ili Man o' War ajae fremu, kwa macho ya mtu wa picha yuko sawa, lakini mie nikakataa kabisa. Sir Barton si farasi wa kuondolewa, mwaka 1919 alishinda zile mbio kubwa za Marekani, Kentucky Derby, Preakness na Belmont, zote tatu, wa kwanza kufanya hivyo, na siku ile akaachwa urefu wa farasi saba. Ukitoa ile nafasi katikati yao umetoa mbio zenyewe. Akanielewa, wakaifanya picha kuwa ndefu ya kulala na mzee akapima mbao upya bila kuongeza bei.

Mzee naye ana maswali. Nilitaka kibao kidogo cha shaba chini, kiandikwe jina na "mbio 21, ushindi 20", akaacha msumeno akauliza hiyo moja ilikwenda wapi. Ilikwenda Saratoga mzee wangu, tarehe 13 Agosti 1919, zama zile hakuna vile vizimba vya kuanzia, farasi wanasubiri nyuma ya kamba inyanyuliwe, ikanyanyuliwa yeye hajajipanga, akabanwa njiani, na mgongoni kabeba kama kilo 59, manake farasi bora huongezewa mzigo ili wengine wapate nafasi, wakati aliyemshinda, jina lake Upset, kabeba kama 52. Na bado alikuwa anamfikia! Mwaka uliofuata walimpandishia mzigo mpaka kilo 63 hivi na akashinda, na Riddle alipoona mizigo itazidi kuongezwa akamstaafisha. Mie nasema hiyo moja haimpunguzii kitu, inaonyesha tu ilihitajika nini ili ashindwe. Mzee akasema ishirini na moja yote yaandikwe basi, yasifichwe.

Kibao cha kwanza kilikuja kimeandikwa "Man of War", wakakitoa na kuchonga kingine palepale, hawakunidai.

Sasa kazi ya mikono, hapa ndio wanastahili pesa yao. Unyevu wa hapa kwetu Mombasa unakula picha, ukungu unaingia kwa nyuma na karatasi inagandana na kioo. Hawa wanaweka kadibodi ya pembeni ili picha isiguse kioo, nyuma hadibodi, halafu tepu pande zote nne, na vigoroli vya mpira kwenye kona ili fremu isilale juu ya ukuta, hewa ipite. Mbao ni ngumu, kona zimekutana sawasawa, sikuona gundi ikichungulia. Kioo ni cha kawaida kinang'aa, usitundike mkabala na dirisha.

Niliilipia shilingi 4,200 kila kitu, si rahisi, Marikiti utapata fremu ya plastiki kwa soo tano (mia tano), lakini ni vitu viwili tofauti. Risiti uombe mwenyewe. Na walichelewa kuliko walivyoahidi, ila kila nikipiga simu wanapokea na kusema ukweli kazi imefika wapi.

Nina mpango wa kuwapelekea ya pili, Man o' War mzee na saisi wake Will Harbut, aliyemtunza na kuwasimulia wageni habari zake miaka mingi, wakafariki wote 1947, Harbut Oktoba na farasi tarehe 1 Novemba, akiwa na miaka 30. Nenda asubuhi, Ijumaa wanafunga mapema kwa ajili ya swala, na ubebe picha halisi kama unayo, si ile iliyopitishwa WhatsApp mara kumi.