Mtori wa Mbuyuni, na televisheni iliyo juu ya friji

Nakula hapa tangu 2016, enzi hizo bado mpagazi, kabla sijapata leseni ya kuongoza wageni mlimani. Mgahawa uko uchochoroni nyuma ya soko la Mbuyuni, hapa Moshi, na hauna kibao. Bakuli la mtori shilingi 3,000, chapati 500. Ndizi ni za aina ya mshare, zimepondwa zikalainika bila kugeuka uji, na nyama inakuja na mfupa wake. Ukinywa asubuhi unapanda nao hadi jioni. Kasoro zipo: mabenchi ni membamba, na ikishapita saa nne utakuta sufuria inaoshwa.

Ila kinachonirudisha pale ni mazungumzo. Mama mwenye mgahawa hufungulia habari, na mkianza kubishana hawafukuzi, anawaongezea chai.

Ijumaa tarehe 28 Julai 2017 nilikuwepo, saa mbili na nusu asubuhi. Washington ilikuwa bado usiku wa manane, maseneta wanapiga kura kufuta sehemu ya sheria ya bima ya afya aliyoisaini Obama Machi 2010. John McCain, seneta wa Republican, chama kilekile kilichotaka kuifuta, na ambaye siku chache nyuma ilitangazwa ana saratani ya ubongo, akanyoosha mkono na kugeuza dole gumba chini. Kura 49 kwa 51, mswada ukaanguka. Watu wanamkumbuka yeye. Mimi nawakumbuka zaidi Susan Collins na Lisa Murkowski, maseneta wenzake wa chama hicho waliopiga kura ya hapana pia, kwa sababu tarehe 25 walikataa hata mjadala kufunguliwa, wakati McCain aliukubali.

Kwangu hayakuwa mambo ya mbali. Binamu yangu yuko Houston na mwanawe ana pumu. Kabla ya sheria ile, mtu akijinunulia bima mwenyewe, katika majimbo mengi kampuni iliweza kumkataa kwa ugonjwa alio nao tayari. Usiku ule binamu hakulala.

Kijana mmoja akauliza: kuna ubaya gani wakifuta ule ulazima wa kila mtu kuwa na bima uliomo kwenye sheria hiyo? Mama akaweka upawa chini. "Mwanangu, mfuko wa msiba ukiruhusu mtu aingie siku aliyofiwa, nani atachanga kabla?" Wenye afya wakitoka wanabaki wagonjwa, na mchango unapanda hadi nao wanashindwa. Nimesikia wataalamu wakilieleza jambo hilo kwa nusu saa bila kufika pale alipofika yeye.

Bunge letu lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tarehe 2 Novemba 2023, tulikuwa kwenye mabenchi yaleyale, na swali lilikuwa moja: asiye na kipato atachangiwa na nani? Mama yeye alishaanza na walio karibu. Wasichana wake watatu wa jikoni aliwalipia CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, wakati huo shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu hadi sita. Mmoja wao aliniambia mama yake mzazi alikuwa anatibiwa kwa kadi hiyo. Tangu siku hiyo wageni wangu wote nawaleta kula hapa kabla ya safari.

Fika kabla ya saa tatu, kaa benchi la upande wa jiko, na beba hela ndogondogo. Asubuhi huwa hana chenji.