Spana ya kikombe ya alumini kwa kifuniko cha filta kilichogoma: uzoefu wangu

Nimeitumia spana hii kwa muda wa kutosha kusema bila wasiwasi kwamba ndiyo kifaa cha kwanza ambacho mtu anayemwaga oili mwenyewe nyumbani anapaswa kununua, kabla ya beseni zuri na kabla ya faneli. Nazungumzia spana ya kikombe, ile inayovalishwa juu ya kifuniko cha filta na kushika mbavu zake zote kwa pamoja. Yangu ni ya alumini nzito iliyochongwa, ya milimita 64 na mbavu 14, saizi inayoingia kwenye vifuniko vya injini nyingi za Toyota za karibuni. Mimi naitumia kwenye injini ya Toyota iitwayo 2ZR, ambayo kwenye gari langu filta yake si kopo la chuma la kutupa bali ni karatasi inayokaa ndani ya kifuniko cheusi cha plastiki, na kifuniko kinatazama chini.

Aliyetangulia kulihudumia gari hili alikikaza kifuniko kile kama anafunga nati ya tairi. Kwenye plastiki yenyewe, ukifuta uchafu, kumeandikwa Nm 25 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Hiyo ni nguvu ya mkono mmoja kwenye racheti fupi, wala si ya kuning'inia. Mtu akizidisha, bega la kifuniko hugandamana na alumini ya injini, na oringi, ile pete ya mpira inayozuia oili isivuje, ikibanwa kupita kiasi huiva kwa joto, miezi ikipita hushika kuta zote mbili kama gundi.

Nilianza na spana ya mkanda kwa sababu nilikuwa nayo. Ikateleza. Kifuniko kimelowa oili, mkanda nao ukalowa, na nafasi ya kuzungushia mkono kule chini ni ndogo. Spana ya kucha tatu ilikamata, lakini ilikamata kwa ncha tatu tu, na kila nilipovuta nikaona kucha zinaanza kukwangua mbavu za plastiki. Nikaiacha hapohapo. Ukishatafuna mbavu, umejifungia mlango wa vifaa vingine vyote. Ya mnyororo sikuijaribu kabisa na sishauri mtu aijaribu kwenye plastiki: mnyororo unabana kifuniko kutoka pembeni, kinakuwa yai, na kinazidi kung'ang'ania badala ya kulegea.

Kisha nikapata kikombe cha bati, kile chepesi kilichopigwa kwa mashine, cha saizi hiyohiyo kwa maandishi. Hapa ndipo nilipoelewa tatizo lilipo. Kikombe cha bati kiliingia bila shida, na kule kuingia bila shida ndiyo kasoro yenyewe. Ukikishika na kukitikisa kinacheza kushoto na kulia kabla hakijagusa kitu. Nilipovuta kwa nguvu, bati likafunguka kidogo mdomoni, mbavu zake zikapanda juu ya mbavu za kifuniko, na kikombe kikaruka. Kwa kifuniko kilichokazwa inavyotakiwa kingefanya kazi bila neno. Kwa kilichogoma, hakifai.

Cha alumini hakiingii hivyohivyo. Inabidi kwanza usafishe. Nilichukua mswaki mkuukuu na mafuta kidogo ya taa nikasugua kila bonde kati ya mbavu, kwa sababu tope na oili iliyokauka hujaa humo na kuzuia kikombe kisikae mpaka chini. Kisha nikakiweka sawasawa, nikakigonga taratibu kwa nyundo ya mpira. Mwanzoni mlio ni mwepesi, wa kitu kilicho wazi. Kikishakaa hadi kwenye bega, mlio hubadilika ukawa mzito na mfupi. Usianze kuvuta kabla hujausikia mlio huo. Ukikitikisa sasa, hakichezi hata chembe.

Baada ya hapo nilitumia mpini mrefu usio na meno ndani, si racheti. Racheti ndogo huumia ikibebeshwa mzigo wa namna hii, na kule kurudi nyuma kidogo kabla meno hayajakamata kunapiga kifuniko kishindo ambacho plastiki haikipendi. Mkono wa kushoto unasukuma kikombe juu kuelekea injini, wa kulia unavuta mpini polepole bila kushtua. Kinacholegeza ni uzito unaokaa. Kilikaa kimya kwa muda, kisha kikatoa mlio mmoja mkavu, na kuanzia hapo kikazunguka kwa mkono.

Upande wa kuzungusha unahitaji neno lake, kwa kuwa ukilala chali chini ya gari akili huchanganyikiwa kwa urahisi. Tazama uso wa kifuniko ana kwa ana, kutoka chini, na uzungushe kinyume cha saa. Kuna vifuniko vilivyogoma kwa sababu tu mtu alikuwa akivikaza kwa nguvu zake zote huku akidhani anafungua.

Watu wengi wakikuta kifuniko kimegoma hukimbilia mafuta ya kulegeza kutu. Kwenye bolti ya bampa sawa, lakini hapa fikiria kidogo: uzi wa kifuniko, ile mistari ya kukifungia kwa kuzungusha, uko ndani ya oringi, na ndani ya oringi kuna oili tangu siku gari lilipowashwa. Uzi ule haujaota kutu, umelowa. Kinachoshika ni mpira wenyewe na lile bega lililogandamana. Mafuta ya kupuliza nje hayafiki kwenye uzi, na hata yakifika hayaongezi kitu. Kinachosaidia zaidi ni joto la kiasi: washa injini dakika chache mpaka ipate uvuguvugu, mpira unalainika kidogo, na oili nayo inatoka kwa wepesi. Uvuguvugu, nasema, si baada ya safari ndefu. Oili ya moto inaunguza ngozi vibaya, na bomba la ekzosi liko karibu na mkono wako.

Na hili ningependa kila mtu alishike hata kama hatanunua spana yoyote: jaribu kulegeza kifuniko cha filta kabla hujamwaga oili. Kilegeze robo tu ya mzunguko, ujue kinakubali, kisha kirudishe na uendelee na kumwaga. Kikigoma kabisa, oili bado iko ndani na gari linatembea, unaweza kulipeleka kwa fundi. Ukiwa umeshamwaga, gari limelala pale lilipo, na ukiwa katika hali hiyo ndipo unashawishika kuchukua patasi na nyundo. Mbinu ya kutoboa filta kwa bisibisi na kuizungusha, ambayo wazee wa gereji waliitumia kwenye kopo, haina nafasi hapa kabisa. Kopo lilikuwa la kutupa. Kifuniko hiki ni sehemu ya injini, unakirudisha.

Kuna plagi ndogo katikati ya kifuniko, ya kutolea oili iliyobaki kwenye filta, na kwenye gari langu kichwa cha mraba cha racheti ya inchi 3/8 kinaingia moja kwa moja bila soketi. Nayo hukazwa kupita kiasi, na mara nyingine ukiifungua, kifuniko kizima kinazunguka nayo. Ikikusumbua iache. Fungua kifuniko chote kikiwa na oili yake ndani, weka beseni chini na uvae glavu, hakuna kilichoharibika zaidi ya kuchafuka.

Nilipokitoa, oringi ya zamani ilieleza yote. Mpira ambao ungepaswa kuwa wa duara ulikuwa bapa pande mbili, mgumu, unang'aa, na nilipoukunja kati ya vidole ukakatika. Filta mpya nyingi za aina hii huja na oringi mpya kwenye boksi. Yule aliyetangulia nadhani aliitupa pamoja na boksi. Toa ya zamani, hakikisha hakuna kipande kilichobaki kwenye mfereji, valisha mpya kwenye mfereji wake hasa na si juu ya uzi, kisha ipake oili safi kwa kidole pande zote. Anza kufunga kwa mkono hadi kikae, halafu spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa Nm 25. Plagi ndogo ni kama Nm 13. Kikombe hiki kinakubali spana ya toki vizuri kwa kuwa hakichezi, hivyo unachosoma ndicho kinachofika kwenye kifuniko. Kwa bati sikuwa na imani na kipimo hicho.

Tangu nianze kufunga hivyo, kifuniko hufunguka kwa racheti ya kawaida, bila bomba la kurefusha mpini wala kusukumana.

Kasoro zake zipo. Alumini ni laini kuliko chuma, na tundu la mraba la kuingizia mpini limeanza kuonyesha alama za kona. Ukiipiga kwa mashine ya kufungulia nati itaharibika haraka, na kifuniko nacho kinaweza kupasuka, kwa hiyo mashine hiyo iweke mbali kabisa na kazi hii. Pia ni ndefu kidogo: kwenye gari lenye kinga ya chini iliyo karibu na injini, kikombe pamoja na racheti havipati nafasi. Yangu ina pembe sita mgongoni, nikibanwa naishika kwa spana ya kawaida kutoka pembeni. Kama unachagua, chukua yenye pembe hizo. Na bila shaka inafaa saizi moja tu.

Kuhusu usalama sitarefusha: stendi mbili imara na vizuizi kwenye tairi, kamwe jeki peke yake. Unapovuta mpini kwa nguvu zote unalitikisa gari lililo juu ya kifua chako.

Kabla ya kununua, lala chini uhesabu mbavu na upime upana wa kifuniko kutoka ubavu mmoja hadi ule unaoutazama upande wa pili. Vikombe vya milimita 64 na 65 hufanana machoni, na tofauti ile moja ndiyo inayoleta kule kucheza nilikokueleza. Mercedes-Benz nyingi hutumia milimita 74 na mbavu 14, BMW nyingi za silinda sita milimita 86 na mbavu 16. Na kama kifuniko chako kiko juu ya injini na kina kichwa cha pembe sita, kama ilivyo kwenye magari mengi ya Ulaya, huhitaji kikombe hata kidogo. Nunua soketi nzuri ya milimita 32 au 36, yenye pembe sita na si kumi na mbili, basi.