Mikindani au Naliendele: Nyumba ya Kwanza Ununue Wapi?

Mwenye fedha ya kuungaunga hapa Mtwara hana haja ya kuitazama Shangani, mtaa wa bei za juu. Macho yake yaende Mikindani, kwenye barabara ya Lindi, au Naliendele, upande wa barabara ya Newala.

Mikindani inavutia: ghuba, majumba ya kale ya mawe, samaki wabichi. Lakini upepo wa chumvi unakula mabati na misumari, na ukinunua nyumba kuukuu, jiandae kwa ukarabati usioisha. Tena pima umbali kutoka majini. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na muuzaji wa pagale lenye mandhari nzuri hawezi kukukumbusha hilo!

Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa korosho, haina bahari. Ina nafasi. Shida yake ni mashamba yanayokatwa viwanja bila kupimwa. Mwenye ardhi anaweza kuwa mmoja na mwenye mikorosho mwingine, kwa hiyo uliza kila mti ni wa nani kabla ya kutoa hata shilingi. Bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, zionekane kwa macho, majirani waitwe, na ofisi ya ardhi ya manispaa ithibitishe. Barua ya serikali ya mtaa peke yake si hati.

Mimi ningechukua Naliendele, kiwanja kilichopimwa, hata kikiwa kidogo. Mikindani nitakwenda kula pweza.